Sifuri Katika Safu ya Uvujaji

Kamera ilikuwa imetambaa mita 34 kutoka kwenye chemba tuliyoifungua asubuhi, pale mzee aliyekuwa akiiongoza alipoondoa kidole kwenye kitufe na kuniashiria nisogee karibu na skrini. Tulikuwa ndani ya gari la mafundi, mlango umefungwa ili jua lisiififishe picha. Bomba hilo la majitaka lilikuwa la zege, ukuta wake wa juu umelika hadi kokoto zimejitokeza, na mbele ya taa za kamera palikuwa na kiungio kilichoachana kiasi cha kuingiza ngumi. Mtiririko ulikuwa umezibwa upande wa juu ili kamera ipate kuona, kwa hiyo sakafuni mwa bomba kilipita kijito chembamba tu. Kijito hicho kilifika kwenye kiungio kikiwa na upana wa kiganja, kikaendelea ng'ambo ya pili kikiwa na upana wa vidole viwili.

Nilimwuliza maji mengine yamekwenda wapi.

"Ardhi imeyanywa, mwanangu," alijibu, kisha akaandika kwenye fomu yake: kiungio kimeachana, mita 34.

"Na uvujaji, mzee, huuandiki?"

Akanieleza bila haraka kwamba uvujaji huandikwa pale majitaka yanapotokea juu ya ardhi, barabarani au mtaroni, mahali ambapo mtu anaweza kuyaona na kupiga simu. Hapa juu hapakuwa na maji. Palikuwa na barabara kavu, na magari yakipita.

Miezi kadhaa baadaye ripoti ya mwaka ya mtandao ule wa mabomba ilitoka, nami nikalitafuta eneo lile kwenye jedwali. Katika safu yenye kichwa "Matukio ya uvujaji" paliandikwa 0.

Nimeishi na sifuri ile kwa wiki nyingi sasa.

## Sifuri isiyo ya uongo

Jambo la kwanza nililolitamani lilikuwa kumkamata mtu akisema uongo. Niliisoma ripoti ile mara tatu nikitafuta mahali ambapo takwimu zingepingana, na sikupata. Ilikuwa imeeleza tangu mwanzo kwamba uvujaji ni majitaka kutoka nje ya mtandao na kuonekana juu ya ardhi, na kwa maana hiyo eneo lile halikuwa na tukio hata moja mwaka mzima. Mzee alijaza fomu yake kwa uaminifu, aliyejumlisha alijumlisha sawasawa, na aliyetia saini alitia saini jambo la kweli. Uaminifu wa watu watatu ulizaa picha ambayo mimi, niliyekiona kijito kikipungua kwa macho yangu, nilijua haifanani na kilichopo chini ya barabara.

Nikaanza kusoma jinsi mahali pengine wanavyolifafanua neno hili. Katika jimbo la California nchini Marekani, mitandao ya majitaka husimamiwa kwa amri ya jumla iliyoanza kutumika katika sura yake mpya mwaka 2023, na amri hiyo ina sharti lililonifurahisha sana: mwezi ukipita bila majitaka kumwagika, mwendeshaji hatakiwi kunyamaza tu, anatakiwa kuthibitisha rasmi kwamba hakuna kilichomwagika. Sifuri yenyewe inadai mtu wa kuibeba. Nilidhani nimepata jibu. Kisha nikafika kwenye ufafanuzi, na humo imeelezwa kwamba majitaka yanayopenya nje kupitia nyufa za bomba hayahesabiwi kuwa yamemwagika ikiwa yanabaki chini ya ardhi bila kuyafikia maji ya juu ya ardhi.

Kwa hiyo hata pale penye sharti kali la kuithibitisha sifuri, mita 34 ya mzee wangu isingeingia kwenye hesabu.

Ninaelewa kwa nini mtunga kanuni aliandika hivyo. Huwezi kumdai mtu aripoti ndani ya saa chache jambo ambalo hana namna ya kulijua ndani ya saa hizo. Lakini kati ya "hatuwezi kuliripoti upesi" na "si tukio" kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio ulionikosesha usingizi.

## Ufa wenye zamu mbili

Tukisikia bomba la majitaka limepasuka, huwa tunawaza maji yakitoka. Ufa hufanya kazi kwa zamu. Kina cha maji ya ardhini kikipanda juu ya bomba, kama inavyotokea majira ya mvua, maji hayo husukumwa ndani kupitia ufa uleule. Kina kikishuka chini ya bomba, majitaka huanza kutoka. Zamu ya kwanza inajulikana na kufuatiliwa kwa bidii, kwa sababu maji yanayoingia huongeza gharama ya umeme kwenye vituo vya pampu, huujaza mtambo wa kusafisha kupita uwezo wake, na hatimaye hufurika kwenye chemba mbele ya watu. Zamu ya pili haimgharimu mwendeshaji chochote. Kila lita inayopotea ardhini ni lita ambayo hatalazimika kuisukuma wala kuisafisha.

Kuingia kuna mlalamikaji. Kutoka hakuna.

Nilipofika hapo nilijaribu kujipinga, maana sikutaka hofu yangu iwe kubwa kuliko jambo lenyewe, na hoja za upande wa pili zina uzito. Mahali penye ufa, tope, mafuta na utando wa bakteria hujikusanya vikatengeneza ngozi inayoziba, na ngozi hiyo inaweza kupunguza sana kiasi kinachopita. Udongo nao huchuja: bakteria wengi hunaswa au hufa kabla ya kwenda mbali, hasa udongo ukiwa wa chembe laini na haujajaa maji. Kwa siku kadhaa nilijiambia kwamba pengine ardhi inafanya kazi ambayo mtambo ungeifanya, na kwamba sifuri ile, ingawa imekosea kwa maneno, haijakosea kwa madhara.

Hoja hiyo iliniponyoka kidogokidogo. Ngozi ile hutoboka mtiririko unapopanda ghafla, au mafundi wanapozibua bomba kwa maji ya shinikizo kubwa. Uchujaji wa udongo nao haumzuii kila msafiri. Naitreti hupita. Virusi, vilivyo vidogo mno kuliko bakteria, vinaweza kusafiri mbali zaidi. Dawa kama karbamazepini inayotumika kwa kifafa, na vitamu bandia kama asesalfamu, hupita miilini mwetu, hupita udongoni, na vimekutwa kwenye maji ya ardhini. Pale chini panapokuwa na mwamba wenye nyufa badala ya udongo, kichujio hakipo kabisa. Mililita 100 za majitaka ghafi kwa kawaida hubeba bakteria wa E. coli kwa mamilioni, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa hautaki hata mmoja aonekane katika kiasi hichohicho. Kwa tofauti ya ukubwa huo, kupunguzwa sana bado kunaweza kuwa hakutoshi.

Kisha kuna jirani. Bomba la majisafi mara nyingi hulazwa si mbali na la majitaka. Likiwa na shinikizo hujilinda lenyewe, kwa kuwa kila tundu lake husukuma maji nje. Shinikizo likikatika, kwa mgawo wa maji au kwa bomba kupasuka mahali pengine, tundu hilohilo hunyonya kilicholizunguka. Nilipolielewa hilo niliacha kuiona mita 34 kama tatizo la bomba moja.

## Nilidhani mita zingetosha

Tumaini langu la kwanza lilikuwa vipimo. Kama majitaka yanapotea kati ya chemba mbili, weka mita ya mtiririko kwenye kila moja, toa ya chini katika ya juu, na tofauti ndiyo uvujaji. Hesabu ya mtoto wa shule.

Hesabu hiyo huvunjika kwenye usahihi wa chombo. Majitaka hupita bombani bila kulijaza, yamebeba vitambaa, mchanga na mafuta yanayoganda kwenye vihisio, na mita inayokosea kwa asilimia 5 katika mazingira hayo huhesabiwa kuwa imefanya kazi nzuri. Chukua bomba kuu linalopitisha lita 100 kwa sekunde. Asilimia 5 ni lita 5 kwa sekunde, na lita 5 kwa sekunde ni lita 432,000 kwa siku. Kwa mita mbili, kila moja ikiwa na kosa lake, uvujaji wa ukubwa huo unaweza kutoweka ndani ya shaka ya vyombo, na mtu akaapa kwa nia njema kabisa kwamba kilichoingia ndicho kilichotoka.

Zipo njia nyingine, na kila moja nilipoisoma ilinipa tumaini kisha ikanionyesha mpaka wake. Kupima mtiririko wa usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na matumizi yako chini, huonyesha vizuri maji yanayoingia kwenye mtandao, lakini huonyesha vibaya yanayotoka. Moshi unaopulizwa bombani huchomoza pale penye tundu lililo karibu na uso wa ardhi au penye bomba la mvua lililounganishwa kimakosa, lakini bomba la kina kirefu linaweza kuuficha. Kamera huona kiungio kilichoachana, lakini haioni ufa mwembamba uliofunikwa na uchafu, wala haiwezi kusema ni lita ngapi zimepita. Kipimo cha umeme kinachopitishwa ndani ya bomba lisilopitisha umeme, kwa kufuatilia mahali ambapo umeme unapenya kwenda ardhini, hugundua nyufa ambazo kamera huzipita. Sharti lake ni bomba lijazwe maji pale kinapopita, na mtu awepo wa kukipitisha.

Alama za kemikali ndizo zilizonivutia zaidi. Ukikuta kitamu bandia kama asesalfamu ndani ya kisima, umepata ushahidi ambao ni vigumu kuwasingizia mifugo au mbolea, kwa sababu ng'ombe hanywi soda isiyo na sukari. Lakini kisima kinakuambia kwamba majitaka yamefika, bila kukuambia yametoka bomba lipi, na katika mji ambao nyumba nyingi hutumia mashimo na matangi ya majitaka, kila mwenye bomba anaweza kumnyooshea kidole mwenye shimo.

Hakuna chombo kimoja kitakachosimama mlangoni na kuhesabu. Huo ndio ukweli niliochelewa kuukubali.

## Anayejipimia

Kuna swali la vyombo, na kuna swali la mikono inayovishika.

Uingereza ni mahali ambapo maswali yote mawili yamejibiwa kwa sehemu, mbele ya umma. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, mifereji yote ya dharura ya England inayoruhusu majitaka kuingia mitoni mabomba yanapozidiwa na mvua ilikuwa imefungiwa vihisio, na takwimu zake hutangazwa. Ndiyo maana leo mtu yeyote anaweza kujua kwamba mwaka 2024 mifereji hiyo ilifunguka mara 450,398, kwa jumla ya saa zipatazo milioni 3.6. Kabla ya vihisio hivyo kulikuwa na mito iliyonuka na watu waliolalamika, lakini hapakuwa na namba ya kuuliza kwayo.

Namba ilibadilisha mazungumzo, na sitaki kulidogosha jambo hilo. Hata hivyo vihisio hivyo vinasema mfereji ulifunguka lini na ukafungwa lini. Havisemi ni lita ngapi zilipita. Tena vimewekwa kwenye midomo ya mtandao, mahali palipojengwa ili majitaka yatoke. Mita 34 si mdomo. Hakuna aliyeijenga ili itoe chochote.

Kisa cha kampuni ya Southern Water, katika nchi hiyohiyo, ndicho kilichonifanya niache kuamini kwamba kipimo kinatosha kikiwa mikononi mwa anayepimwa. Oktoba 2019, Ofwat, mdhibiti wa uchumi wa huduma za maji, ilihitimisha kwamba kampuni hiyo ilikuwa imevuruga uchukuaji wa sampuli kwenye mitambo yake, ikiwa ni pamoja na kuyahamisha majitaka kwa malori ya matangi ili wakati wa sampuli pasiwe na maji yanayotoka ya kupima. Mwaka 2021 mahakama iliitoza faini ya pauni milioni 90 kwa utiririshaji haramu wa miaka ya 2010 hadi 2015, baada ya kukiri makosa 51.

Nililitafakari lori lile la matangi kwa muda mrefu. Mtu aliliagiza, mtu aliliendesha, na kwenye daftari la siku hiyo palikuwa na nafasi isiyo na kosa lolote. Palikuwa pakavu kama barabara iliyo juu ya mita 34. Tofauti ni kwamba kule ukavu ulitengenezwa, na huku ulitokea wenyewe, lakini jedwali halijui tofauti hiyo.

## Kisima kilichochunguzwa mara mbili

Kisa cha pampu ya Broad Street jijini London mwaka 1854 husimuliwa hadi kimechosha: kipindupindu, daktari John Snow aliyesema maji ya pampu hiyo ndiyo yanaueneza ugonjwa, ramani, mpini wa pampu kuondolewa. Sehemu inayonihusu mimi huja baadaye na husimuliwa kidogo.

Mpini ulipokwisha kuondolewa, lilibaki swali la namna uchafu ulivyoingia kisimani. Kisima kilifunguliwa na kukaguliwa kwa ndani mwishoni mwa mwaka huo, na hakikuonekana kuwa na kasoro. Matofali yalionekana mazima. Kwa mkaguzi wa siku hiyo, jibu lilikuwa sifuri. Mchungaji kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye awali alitaka kuthibitisha kwamba Snow amekosea, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na akampata mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyekufa kwa kuhara mwanzoni kabisa mwa mlipuko, ambaye nepi zake zilifuliwa na maji yake kumwagwa kwenye shimo la majitaka la nyumba hiyo. Aprili 1855 palichimbwa tena, safari hii kutoka upande wa shimo. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza, udongo kati yake na kisima ulikuwa umelowa, na umbali kati ya viwili hivyo haukufika mita 1.

Kisima kilikuwa kilekile katika kaguzi zote mbili. Kilichobadilika ni upande ambao mtu alisimama kutazama, na sababu iliyompeleka huko. Ukaguzi wa kwanza ulisubiri uchafu ujionyeshe ndani ya kisima. Wa pili ulikwenda kuutafuta ulikotoka.

## Siku 84

Sheria nyingi za majitaka zimejengwa juu ya wazo la mdomo: pawepo mahali pa kutokea, palipo na kibali, ambapo mkaguzi anaweza kusimama na chupa yake ya sampuli. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 iko hivyo kwa kiasi kikubwa, na kwa miaka mingi palikuwa na ubishi kama inamhusu mtu anayeupitisha uchafu ardhini kwanza kabla haujafika mtoni au baharini.

Ubishi huo ulifika Mahakama ya Juu kutoka kisiwa cha Maui, Hawaii. Mtambo wa Lahaina ulikuwa ukiyasukuma majitaka yaliyosafishwa ndani ya visima virefu, na wenye mtambo wakashikilia kwamba hawatiririshi baharini, bali ardhini. Watafiti wakatia rangi kwenye visima hivyo, wakasubiri kando ya bahari. Siku 84 baada ya kuanza kutiwa, rangi ilichomoza chini ya maji karibu na ufukwe. Aprili 2020 mahakama iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kibali kinahitajika pale upitishaji wa ardhini unapokuwa sawa kiutendaji na utiririshaji wa moja kwa moja, na kwamba muda na umbali ndivyo vitakavyotazamwa zaidi.

Nilishangilia niliposoma, kisha nikajiuliza swali lililoizima furaha yangu. Rangi ilitiwa kwa sababu visima vya Lahaina vilijulikana: viko vinne, vimechorwa kwenye ramani, na kuna pampu inayoyasukuma maji humo kila siku. Je, ni nani atatia rangi kwenye kiungio kilichoachana, ambacho hakuna anayejua kuwa kipo isipokuwa fundi mmoja na fomu yake? Hukumu ile imefungua njia kwa mwenye ushahidi. Haimlazimishi mtu yeyote kuutafuta.

## Sheria inayomlipa asiyetazama

Hapo ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Mpaka wakati huo nilikuwa nikiwaza adhabu: faini kubwa zaidi kwa kila uvujaji utakaogunduliwa. Nikajiweka kwenye kiti cha msimamizi wa mtandao mwenye magari mawili ya kamera na kilomita nyingi za mabomba ya zamani. Nikilipeleka gari mtaani, litagundua nyufa, na kila ufa uliogunduliwa ni kosa lenye tarehe, tena kosa ambalo sasa nimelijua na nitaulizwa kwa nini sijalirekebisha. Nikiliacha gari limeegeshwa, ripoti yangu itakuwa safi, na itakuwa ya kweli. Adhabu inayomwangukia aliyegundua peke yake humtendea haki kidogo kuliko jirani yake aliyefumba macho, na kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyomfundisha msimamizi thamani ya kutotazama.

Ninachodai sasa ni kwamba kutazama kwenyewe kuwe ni wajibu wa kisheria, wenye kipimo na muda, na kwamba kushindwa kutazama ndiko kuwe kosa la kwanza. Wazo hili halikuanzia kwangu. Majimbo kadhaa ya Ujerumani yana kanuni za kujikagua zinazomtaka mwenye mtandao azungukie mabomba yake yote kwa muda uliowekwa, na ni kwa sababu ya ukaguzi huo nchi ile inaweza kusema hadharani kwamba karibu moja ya tano ya mabomba yake ya umma yanahitaji kutengenezwa ndani ya muda mfupi au wa kati. Takwimu hiyo inasikika kama aibu. Mimi naiona kuwa ni heshima, kwa kuwa anayeitangaza ametazama. Nao mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 1991 kuhusu majitaka ya mijini ulikwisha kutaja uzuiaji wa uvujaji miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa katika kusanifu, kujenga na kutunza mabomba, lakini kwa sharti la kutoleta gharama kupita kiasi, na ndani ya maneno hayo ya gharama mita 34 inaweza kulala miaka mingi bila kuguswa.

Gharama ni hoja ya kweli, na sitaipuuza. Hakuna mji utakaokagua kila bomba kila mwaka. Lakini bomba halioozi kwa bahati nasibu. Ukuta wa juu niliouona umelika una maelezo yanayojulikana tangu utafiti wa C. D. Parker huko Melbourne katika miaka ya 1940: majitaka yanayokwenda polepole hukosa oksijeni, bakteria kwenye utando wa chini hutengeneza gesi ya haidrojeni salfaidi, gesi hupanda, na bakteria wengine juu ya zege lenye unyevu huigeuza kuwa tindikali inayolila bomba kutoka darini. Kwa hiyo mtu anaweza kujua pa kuanzia: mabomba ya zege ya zamani yenye mteremko mdogo, maeneo ya joto, sehemu ambapo bomba la pampu humwaga kwenye bomba la mteremko. Ukichora juu ya ramani hiyo visima vya maji ya kunywa, mabomba ya majisafi yanayokatikakatika, na mahali ambapo maji ya ardhini hushuka chini ya bomba kwa sehemu kubwa ya mwaka, orodha hupungua hadi kazi ambayo magari mawili yanaweza kuianza.

Mdhibiti naye hana budi kubadilisha anachokiuliza. Badala ya kuuliza "mmevuja mara ngapi," aulize mmetazama mita ngapi mwaka huu, zipi hazijatazamwa tangu zilipolazwa, viungio vingapi vimekutwa vimeachana, na kila kimoja kina siku ngapi tangu kijulikane. Picha za kamera zihifadhiwe mahali ambapo mdhibiti anaweza kuzifungua bila kuomba, na sehemu ndogo ya mabomba ikaguliwe upya na watu wasiolipwa na mwenye mtandao, mahali watakapopachagua wao. Lori la matangi linaweza kuihadaa sampuli ya siku moja. Kuihadaa picha ya kiungio kilichoachana, yenye tarehe na namba ya chemba, ni kazi ngumu zaidi.

Na msimamizi anayegundua akatangaza mwenyewe, akiwa na mpango wa kurekebisha, apewe muda bila kuadhibiwa. Sehemu hii ndiyo inayonipa shaka iliyobaki, kwa kuwa muda huo unaweza kugeuka kichaka cha kujifichia. Nimejaribu kuifikiria namna nyingine na sijaipata: bila muda huo gari halitatoka, na gari lisipotoka hakuna cha kurekebisha.

## Daftari

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mzee. Nilimweleza kuhusu sifuri, naye hakushangaa. Alinyoosha mkono nyuma ya kiti cha gari akatoa daftari la kawaida, jalada lake limeshikwa kwa utepe wa plastiki.

"Fomu haina mahali pa kuandika haya," alisema, "kwa hiyo huyaandika humu."

Kila ukurasa aliugawa kwa rula: tarehe, chemba ya juu, chemba ya chini, mita, na neno moja au mawili kuhusu alichokiona. Maji yanapungua. Udongo unaonekana. Mizizi, panalowa nje. Baadhi ya mistari ilikuwa na miaka mingi, wino wake umefifia. Nilimwomba ruhusa ya kuutafuta mstari wangu, nikaupata karibu na mwisho: mita 34, tarehe ile, na mbele yake "ardhi inakunywa."

Safu ya mwisho aliipa kichwa "Imetengenezwa." Nililifunua daftari kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Safu hiyo ilikuwa na alama chache. Mbele ya mstari wangu palikuwa wazi.

Nilimwuliza nani mwingine ameliona daftari hili. Alifikiri kidogo, akalifunga, akaliweka mapajani mwangu.

"Wewe, mwanangu."